Je, Wajua? Moshi Ukipungua, Dunia Inapoa na Kifua Kinapona

Je, wajua kwamba moto wa mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dirisha, hapo Kerende au popote Nyamongo, unaweza kuijaza hewa vumbi laini la moshi mara 100 zaidi ya kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani? Mara 100! Na aliyeuwasha hakuchoma msitu wala kiwanda. Alikuwa anasonga ugali.

Sogea karibu, msomaji, leo ni zamu ya moshi. Je, wajua vumbi hilo ni laini kiasi gani? Chukua unywele mmoja wa kichwani mwako: chembe 30 zikipangwa mstari ndiyo upana wake. Pua haizikamati, kikohozi hakizitoi zote. Zinashuka hadi mwisho wa mapafu, na nyingine zinavuka kabisa na kuingia kwenye damu.

Ndiyo maana moshi wa jikoni haukomei kwenye kifua. Unaleta nimonia kwa mtoto, na kwa mtu mzima unaleta kiharusi, ugonjwa wa moyo na saratani ya mapafu. Tena unachangia mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza duniani kwa kuwapofusha watu. Yule bibi anayepapasa ukuta akitafuta mlango, huenda macho yake yaliibwa na kuni.

Shika hesabu hii. Mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Hapa Tanzania serikali inakadiria vifo 33,000 hivi kila mwaka. Gawa mwenyewe kwa siku 365: ni watu 90 kila siku, Jumapili ikiwemo, Idi ikiwemo.

Sasa uko tayari kwa la ajabu zaidi? Moshi huohuo unaomkohoza mama ndio unaoipasha dunia joto! Masizi meusi yanayoganda kwenye paa la jiko yakipanda angani hunyonya joto la jua kwa nguvu kubwa mno. Lakini tofauti na kaboni dioksidi, inayoweza kukaa angani mamia ya miaka, masizi hayamalizi hata mwezi kabla ya kuanguka. Ukizima chanzo leo, mwezi ujao anga imeshayasahau.

Na kibatari? Usikicheke kwa udogo wake. Watafiti walipopima taa za utambi, waligundua kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayoungua humo hugeuka masizi meusi matupu. Mtoto anayesomea mtihani akiinamia kibatari anavuta kitabu kwa macho na masizi kwa pua.

Utauliza, na ni haki yako kuuliza: Afrika nzima inatoa takriban asilimia 4 tu ya kaboni dioksidi ya dunia, sasa kwa nini tusumbuliwe sisi? Jibu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ukipunguza gesi joto, faida ya tabianchi inagawanywa dunia nzima, hadi kwa Mmarekani na Mchina. Faida ya mapafu haigawanywi. Inabaki nyumbani kwako, kwa mwanao, na inaanza wiki hiyohiyo.

Je, wajua kwamba tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia? Lengo lake limeandikwa bila kumung'unya maneno: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Siku sita baadaye alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano wa dunia kuhusu upishi safi barani Afrika. Mkutano huo uliondoka na ahadi za Dola bilioni 2.2. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya majiko! Umewahi kusikia wakubwa wa dunia wakikaa siku nzima kuzungumzia sufuria la mama yako?

Na mitungi je? Wakala wa Nishati Vijijini, REA, walipanga kuuza mitungi 452,445 ya gesi ya kilo 6 kwa nusu bei. Kila wilaya ilitengewa 3,255. Tarime fungu lake, Serengeti ng'ambo ya Mto Mara fungu lake. Mimi nasema mtungi wa kwanza si kazi. Kazi ni kuujaza wa pili, wa tatu na wa kumi, na hapo ndipo ningependa kuona ruzuku inapoelekea.

Lakini gesi ya mtungi si inatokana na mafuta ya ardhini? Ndiyo. Na bado hesabu inaipa ushindi! Kwa tanuru la kienyeji, tani 1 ya mkaa inaweza kumeza tani 6 hadi 10 za kuni, na moto wa kuni na mkaa hautoi kaboni dioksidi peke yake. Unatoa methani na masizi pia. Shirika la Kimataifa la Nishati limepiga hesabu kwamba watu wote duniani wakipata upishi safi ifikapo 2030, gesi joto zitapungua kwa tani bilioni 1.5 kwa mwaka. Hizo ni kama zinazotolewa na ndege zote na meli zote za dunia zikijumlishwa.

Hebu tuje kwenye maharage, maana hapa wengi wanaogopa luku. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage ya familia bila kumaliza hata uniti moja. Uniti moja ya umeme wa nyumbani haifiki shilingi 400. Na kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Sasa nenda sokoni kaulize bei ya kopo la mkaa, halafu urudi tuongee.

Umeme wenyewe unatoka wapi? Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235. Jumla 2,115! Wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Mama wa Kerende akiwasha jiko la umeme, sehemu ya moto wake ni maji ya Rufiji, yasiyotoa hata tone la masizi.

Haya, tulia kidogo, maana hili linalofuata halifurahishi ila ni lazima lisemwe. Nchini Malawi, watafiti waliwapa wanavijiji majiko banifu, yale yanayokula kuni kidogo, wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000. Baada ya miaka miwili walitarajia nimonia ipungue. Haikupungua! Kuni zilipungua, lakini moshi uliobaki, pamoja na moshi wa taka na wa majirani, ulikuwa bado mwingi mno kwa mapafu ya mtoto.

Na Guatemala? Huko jiko lilijengewa bomba la kutolea moshi nje, hewa chafu aliyovuta mtoto ikapungua kwa nusu, na nimonia kali ikapungua kwa takriban theluthi moja. Umeona? Mapafu hayajali jiko limepata tuzo gani. Yanahesabu moshi tu. Kwa hiyo mtu akikuletea jiko, swali la kwanza lisiwe linakula kuni ngapi. Muulize moshi wake unakwenda wapi.

Je, wajua kwamba wewe mwenye ng'ombe una gesi yako tayari zizini? Kilo moja ya samadi mbichi inaweza kutoa lita 30 hadi 40 za gesi ya kupikia. Ng'ombe wawili au watatu wanaolala zizini wanatosha kuwasha jiko la familia. Kituo cha CAMARTEC kule Arusha kimekuwa kikifundisha mafundi kujenga mitambo hiyo ya bayogesi tangu miaka ya 1980. Na mabaki yanayotoka kwenye mtambo ni mbolea safi ya migomba. Unasikia, mura? Zizi lako ni mgodi.

Tusiondoke kwa ng'ombe bado. Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 36, na kila mmoja anacheua na kubeua methani. Kwa kipindi cha miaka 20, methani inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule! Angani inasaidia kutengeneza ozoni ya chini, ile inayochoma mapafu na kudumaza mahindi shambani.

Basi sikia namba za Umoja wa Mataifa za mwaka 2021. Dunia ikipunguza methani inayotokana na shughuli za binadamu kwa asilimia 45 ifikapo 2030, kila mwaka vifo 260,000 vya mapema vitaepukwa, na safari 775,000 za kukimbizwa hospitali kwa pumu. Mazao yanayookolewa? Tani milioni 25. Kila mwaka!

Haimaanishi uuze ng'ombe wote. Hakuna Mkurya atakayekuelewa. Ng'ombe anayelishwa vizuri na kutibiwa mapema hutoa maziwa mengi zaidi kwa kila kilo ya methani anayobeua. Maziwa yanapanda, methani kwa kila lita inashuka, na mtoto anapata kikombe kikubwa zaidi.

Sasa wachimbaji wa Nyamongo, hii ni yenu. Je, wajua kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa kumwaga zebaki hewani, takriban asilimia 38? Na anayefuata ni nani? Makaa ya mawe, kwa takriban asilimia 21! Yakichomwa, zebaki iliyofichwa ndani yake inatoka na moshi, inanyesha majini, inaingia kwa samaki, na samaki anaingia mezani. Kila nchi inayofunga mtambo wa makaa ya mawe inapunguza gesi joto na sumu ya ubongo wa mtoto kwa mkupuo mmoja.

Na nchi zinafunga kweli! Desemba 1952 jiji la London lilifunikwa na moshi wa makaa siku tano mfululizo. Vifo vilivyohesabiwa wakati ule vilikuwa 4,000, na hesabu za baadaye zilifika hadi 12,000. Sheria ya hewa safi ikaja 1956, na tarehe 30 Septemba 2024 Uingereza ikazima mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe. Dublin nayo ilipiga marufuku uuzaji wa makaa mwaka 1990, na moshi mweusi wa mji ukashuka kwa asilimia 70.

Je, wajua kuhusu gramu 23? Wakati wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, China ilifunga viwanda na kupunguza magari barabarani kwa wiki chache. Watoto ambao mama zao walikuwa kwenye mwezi wa nane wa ujauzito siku hizo walizaliwa wazito kwa wastani wa gramu 23 kuliko waliozaliwa majira hayohayo mwaka uliotangulia na uliofuata. Wiki chache tu za hewa nzuri, na mizani ya mkunga ikaona!

Nenda Stockholm, Sweden. Walianza kutoza ushuru magari yanayoingia katikati ya jiji ili kupunguza foleni na moshi. Hewa ikaboreka kwa kiasi ambacho wengi wangekiita kidogo, lakini watoto wadogo waliokimbizwa hospitali kwa pumu walipungua kwa karibu nusu kadiri muda ulivyokwenda.

Nyumbani nako magurudumu yanabadilika. Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Dar es Salaam Mei 2016, na mwaka 2018 jiji likatwaa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma mwaka huohuo. Ethiopia imekwenda mbali zaidi: mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Ukitaka kuingiza gari lako, liwe la umeme!

Bado upo? Vizuri, maana sasa tunakwenda Ziwa Kivu, na hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Chini ya ziwa hilo, kati ya Rwanda na Kongo, kumelala takriban mita za ujazo bilioni 60 za methani na bilioni 300 za kaboni dioksidi. Watu wapatao milioni mbili wanaishi kandokando yake. Mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos nchini Kameruni lilitapika kaboni dioksidi usiku mmoja na kuua watu zaidi ya 1,700.

Rwanda ilifanya nini? Ilikubali gesi ivutwe! Mtambo wa KivuWatt unanyonya methani kutoka kilindini kwa jukwaa linaloelea juu ya maji, na kuzalisha megawati 26 za umeme. Gesi inayoweza kuleta maafa inachemsha chai ya watu wa Kibuye.

Na Zanzibar wana wanawake wa kuwapigia makofi. Kule Kinyasini, Unguja, kuna chuo kinachowafundisha kina mama wa vijijini, wengine hawajui kusoma, kufunga na kutengeneza taa za sola. Baada ya miezi kadhaa wanarudi kijijini wakiwa mafundi, vibatari vinastaafu, na wajukuu wanasoma bila kukohoa. Wanaitwa mama wa sola.

Unafikiri sola ni ya taa tu? Katika Afrika kusini mwa Sahara, ni nusu tu ya hospitali zenye umeme wa uhakika, na takriban asilimia 15 ya vituo vya afya havina umeme kabisa. Chanjo nyingi zinahitaji nyuzi 2 hadi 8, si zaidi si pungufu. Zamani zahanati za mbali zilitunza chanjo kwenye majokofu ya mafuta ya taa. Leo yapo majokofu yanayovuta nguvu moja kwa moja kutoka kwenye jua, bila mafuta na bila betri ya kukupa wasiwasi. Na mama anayejifungua saa nane za usiku anahudumiwa chini ya mwanga, badala ya tochi ya simu kinywani mwa mkunga.

Je, wajua kwamba baridi ya vilima vya Tarime ni kinga? Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, kimelea cha malaria kinachelewa kukomaa hadi mbu aliyekibeba anakufa kabla ya kumwambukiza mtu. Dunia ikizidi kupata joto, mlango huo unafunguka na malaria inapanda milima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya 2030 na 2050, mabadiliko ya tabianchi yataongeza vifo 250,000 kila mwaka kwa utapiamlo, malaria, kuhara na joto kali.

Na majirani zetu waliandika historia bila kelele. Tarehe 15 Oktoba 2016, jijini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za majokofu na viyoyozi, nyingine zikiwa na nguvu ya kupasha joto maelfu ya mara kuliko kaboni dioksidi. Makubaliano hayo pekee yanaweza kuzuia hadi nusu nyuzi ya joto ifikapo mwisho wa karne hii. Ni nyongeza ya mkataba wa Montreal wa 1987 uliookoa tabaka la ozoni, ambao kufikia 2030 unatarajiwa kuzuia hadi watu milioni 2 kwa mwaka kupata saratani ya ngozi.

Gharama je? Watu wa hazina tulieni msome. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2018 kwamba thamani ya afya inayopatikana kwa kutimiza mkataba wa Paris ni takriban mara mbili ya gharama ya kupunguza gesi joto. Na kwa hewa safi pekee, watu wapatao milioni moja kwa mwaka wangeokolewa ifikapo 2050. Fedha unayotoa kwa ajili ya anga inarudi kupitia mlango wa wodi.

Moja la hatari, na usilipite haraka. Usiku wa baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mkaa ukishawaka vizuri hauonyeshi moshi, lakini unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anasinzia, na hakuna kinachomwamsha. Jiko hilo lilale nje, hata kama baridi inauma.

Na la kumalizia linakuhusu wewe hasa, mzazi mwenzangu. Serikali imekwisha kuagiza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Jeshi la Magereza lilisaini na REA mwaka 2024 ili magereza yahamie kwenye nishati safi. Shule anayosoma mwanao inapikia watoto zaidi ya 100? Basi agizo hilo ni lake pia. Kikao cha wazazi kikiitwa, nenda, nyoosha mkono, uliza jikoni kunawaka nini na mpishi anavuta nini.